Mfasiri wa Bujumbura na Kodi za Ng'ambo

Ndugu askari na maafisa wa Jeshi na wa Polisi,

Gari la mizigo lifikapo Kobero, mpakani mwetu na Tanzania, kila mlinzi ajua la kufanya: mzigo huonekana, huhesabiwa, na hati zake hulinganishwa nao. Lakini iko bidhaa ivukayo mpaka huo pasipo kuonwa na askari yeyote, nayo ni tafsiri. Mfasiri hukaa nyumbani kwake Buyenzi, akageuza mkataba wa Kifaransa kuwa wa Kiingereza au Kiswahili, akaupeleka kwa intaneti. Baada ya majuma kadhaa dola huingia katika akaunti yake kutoka Dar es Salaam au Marekani. Haja ya kazi hiyo ni dhahiri tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa kuwa sheria zetu nyingi ni za Kifaransa, hali Mahakama ya Jumuiya iliyoko Arusha huendesha mashauri kwa Kiingereza.

Jambo hili lawahusu ninyi kwa njia mbili. Wapo wastaafu wa jeshi waliorudi kutoka Somalia, ambako vikosi vyetu vilianza kwenda Desemba 2007, wakiwa na lugha iwezayo kuwapatia riziki. Na yuko mpelelezi ambaye, akiona dola katika akaunti ya mtu asiye na duka wala gari, aweza kumshuku bure, au kumwachilia wa kushukiwa kweli.

Basi yafaa ieleweke kwamba serikali hazitozi kodi kwa kanuni moja. Serikali ya Marekani huuliza: kazi imefanyiwa wapi? Serikali ya Tanzania huuliza: ni nani anayelipa?

Tuanze na jirani. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni ya Tanzania imlipapo mtoa huduma asiye mkazi wa nchi hiyo hukata asilimia 15 na kuipeleka Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, ikawa si hoja tena kazi imefanyiwa nchi gani. Kwa hiyo mfasiri aliyeandika ankara, ile tunayoizoea kwa jina la fagitire, ya dola 1,000, hupokea 850 ingawa hakutoa mguu Bujumbura. Hajaibiwa. Kosa hutokea pale aandikapo katika daftari lake kwamba amepata 850. Pato lake ni 1,000, na zile 150 ni kodi iliyokwisha kulipwa kwa jina lake. Ushahidi wa malipo hayo ni hati ya kodi ya zuio, ambayo mlipaji anapaswa kumpa. Asiyeidai hati hiyo amezitupa dola 150 pamoja na ushahidi wake.

Marekani mambo ni kinyume. Kazi iliyofanywa na mgeni nje ya nchi hiyo haikatwi kodi ya huko. Hata hivyo mteja humpelekea mfasiri fomu iitwayo W-8BEN. Wengine huiogopa wakidhani wanajiandikisha kwa mtoza kodi wa Marekani. Sivyo. Fomu hiyo humwambia mteja kwamba anayelipwa si raia wala mkazi wa Marekani, na mteja huiweka katika jalada lake. Iliyotiwa saini Machi 2024 hutumika hadi tarehe 31 Desemba 2027. Mfasiri asipoijaza, mteja mwenye hofu aweza kumkata asilimia 30.

Hapa nyumbani, mkazi wa Burundi hutangaza mapato yake, ya ndani na ya nje, kwa Ofisi ya Mapato, OBR, iliyoundwa mwaka 2009, akitumia namba yake ya mlipa kodi, yaani NIF. Je, pato moja litozwe mara mbili? Nchi tano za Jumuiya zilitia saini mkataba wa kuzuia jambo hilo tarehe 30 Novemba 2010, lakini sharti lake ni kuridhiwa na zote ndipo utumike, na muda mrefu umepita katika kungoja. Ndiyo maana kila hati ya zuio ina thamani.

Kwa mpelelezi, karatasi za kutazamwa ni nne: mapatano na mteja, ankara yenye namba na NIF, hati ya zuio pale ambapo kodi imekatwa, na taarifa ya benki. Tarehe na kiasi vikipatana, na 850 ya benki ikielezwa na 150 ya hati, hapo pana kazi halali. Fedha iliyoletwa mkononi na msafiri na kubadilishwa barabarani haiachi karatasi hata moja, na mfasiri mwaminifu aliyelipwa hivyo hana cha kumwonyesha askari wala OBR.

Hati ya zuio na idaiwe mwezi uleule wa malipo. Karani wa Dar es Salaam akishahamishwa, mfasiri wa Buyenzi atapiga simu nyingi kabla ya kumpata mtu aijuaye ankara yake.