Pogoa Bogenvilia Kabla ya Mvua za Vuli

Kiangazi kikishika Kitui na Makueni, majani ya mahindi yanapopukutika na vumbi kutanda kutoka Mwingi hadi Kibwezi, bogenvilia ndiyo hubaki iking'ara getini. Watu husema inavumilia ukame. Mimi nasema zaidi: ukame ndio unaoichochea kuchanua. Ukiinywesha kila siku na kuirundikia samadi, itakupa majani tele na maua haba. Kwa anayenunua maji kwa mtungi, hiyo ni habari njema.

Itambue kwanza. Ile rangi ya zambarau, nyekundu au chungwa ni ya majani maalumu, kwa kawaida matatu pamoja. Maua yenyewe ni vidude vyeupe vyembamba vilivyo katikati yake. Shina lina miiba. Asili yake ni Amerika Kusini, na Mfaransa Philibert Commerson aliikusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, akiwa katika msafara wa nahodha Bougainville. Usiichanganye na Gloriosa superba, mmea wa porini wenye petali nyekundu na njano zilizopinda kurudi nyuma, na majani yenye ncha zinazojisokota kushika fito. Huo una sumu, hasa kiazi chake. Haupogolewi: mvua zikiisha shina hufa lenyewe, kisha huchipua tena kutoka kwenye kiazi.

Sasa mkasi. Bogenvilia huchanua kwenye matawi machanga, na ndiyo maana ua unaonyolewa kwa panga kila wiki ili unyooke huwa kijani kitupu. Inasikitisha kuona mmea wa miaka mingi ukinyimwa maua hivyo. Subiri rangi ipukutike, kisha upogoe Septemba au mapema Oktoba, kwa kuwa Ukambani mvua za vuli ndizo za kutegemewa kuliko za masika. Ondoa matawi makavu na yaliyosongamana. Yaliyochanua yafupishe kwa theluthi, juu kidogo ya jicho. Tumia mkasi mkali, kwani panga hupasua shina, na uvae glavu nene. Miiba iokotwe yote, watoto hupita hapo pekupeku.

Vipande vyenye unene wa kalamu vipandwe kivulini mvua ikianza. Mche mchanga umwagilie mpaka ushike mizizi vizuri. Mkubwa uliokwisha kushika, uachie kiangazi.