Je, Wajua? Siku Steringi Alipokufa Katikati ya Picha

Kila aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza, iwe Lizaboni au Mfaranyaki hapa Songea, anaijua sheria ambayo haikubandikwa ukutani: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na gari lake, lakini picha itakwisha akiwa amesimama. Sasa je, wajua kwamba mwaka 1960 mwongozaji mmoja alimchukua mwigizaji wa kike mwenye jina kubwa, akatufanya tumfuate hatua kwa hatua na tumwonee huruma, kisha akamuua bafuni kabla picha haijafika nusu?

Filamu hiyo ni Psycho. Mwongozaji ni Alfred Hitchcock, Mwingereza wa London aliyehamia Hollywood, na mwigizaji aliyeuawa ni Janet Leigh. Ina dakika 109, nyeusi na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Imezidi umri wa kustaafu wa mtumishi wa serikali, lakini bado inawatoa watu jasho.

Je, wajua damu ile ilikuwa chokoleti? Ndiyo, sharubati ya chokoleti ya kawaida. Kwenye mkanda usio na rangi, wekundu hauonekani. Kinachoonekana ni weusi na weupe wake tu, na chokoleti ilitiririka vizuri na kuonekana nzito kuliko rangi za kuigizia. Hitchcock alisema wazi kwamba damu nyekundu kwenye sakafu nyeupe ya bafu ingewachefua watu badala ya kuwatisha. Sababu ya pili ya kuacha rangi ilikuwa pesa. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa North by Northwest, filamu ya rangi iliyogharimu zaidi ya dola milioni 4. Studio ya Paramount haikuipenda habari ya Psycho, ikaona ni chafu, kwa hiyo akaigharimia kupitia kampuni yake mwenyewe kwa dola 800,000 hivi. Badala ya mafundi wa sinema kubwa, alitumia wale waliokuwa wakimtengenezea vipindi vya televisheni, watu waliozoea kufanya kazi haraka. Ujira wake wa kuongoza aliuacha, akachukua asilimia 60 ya umiliki wa filamu. Waliomcheka wakati ule hawakucheka tena hesabu zilipopigwa.

Tukio la bafuni lilichukua siku saba kupigwa, Desemba 1959. Kamera ilipangwa upya zaidi ya mara 70 kwa ajili ya mauaji ambayo kwenye skrini hayafiki dakika moja. Ukilitazama polepole utashangaa: kisu kinainuka, kinashuka, maji yanamwagika, mdomo unapiga ukelele, mkono unakwaruza ukuta, lakini kisu kikizama mwilini karibu hukioni kabisa. Waliotoka sinema wakiapa kuwa wameona kila kitu walikuwa wamejitengenezea wenyewe. Na Anthony Perkins, mwigizaji mwenzake Leigh, siku hizo hakuwepo hata studio. Alikuwa New York kwenye mazoezi ya mchezo wa jukwaani. Inasimuliwa pia kwamba sauti ya kisu ilipatikana kwa kudunga matikiti: yalipangwa ya aina mbalimbali mezani, Hitchcock akafumba macho akisikiliza, moja baada ya jingine, mpaka akataja alilolitaka.

Niliwahi kuwawekea watoto wa dada yangu filamu hii likizo ya Juni, wakati baridi ya Songea inamlazimisha kila mtu kukaa ndani na blanketi. Dakika ya kwanza yule mdogo akauliza, "Mjomba, TV imeharibika?" Dakika ya kumi kila mmoja alikuwa na simu yake mkononi. Ilipofika ya thelathini simu zilikuwa zimelala kwenye mkeka, na bafuni palipotulia yule msichana mkubwa aligeuka akanikazia macho kama vile mimi ndiye niliyeshika kisu: "Lakini si huyu ndiye steringi?"

Wengi huisahau sehemu ya kwanza ya Psycho kwa sababu ya bafu, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Marion Crane ni karani wa ofisi inayouza nyumba na viwanja. Ijumaa mchana bosi anamkabidhi dola 40,000 taslimu azipeleke benki. Hazipeleki. Anaziweka kwenye pochi, anawasha gari na kuondoka mjini, na sisi tunaanza kuteseka naye: polisi wa barabarani mwenye miwani myeusi, muuza magari mwenye maswali, bahasha inayochungulia kwenye pochi.

Je, wajua kwamba filamu moja ya kwanza kabisa kutengenezwa hapa kwetu ilianzia palepale, kwenye pesa ambazo hazikupelekwa benki? Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulianzishwa mradi wa sinema wa Waingereza uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la New York. Waliuendesha Meja Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35, waigizaji wakiwa watu wa kwetu, na walizizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mkanda ulikuwa mwembamba, wa milimita 16, usio na sauti. Maneno yalitoka kwenye sahani za santuri zilizochezwa pembeni kwa Kiswahili au lugha nyingine ya mahali, na fundi alipaswa kuhakikisha santuri haiipiti picha.

Filamu yao ya kwanza ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Wanaume wawili wamepata pesa. Mmoja anazipeleka posta. Mwenzake anazifukia chini ndani ya nyumba yake, bila kujua kwamba kuna mwizi anamchungulia.

Tafadhali rudia sentensi hiyo ya mwisho. Mwenye pesa hajui, sisi tunajua. Wenye mradi walitaka kufundisha kuweka akiba tu, lakini walikuwa wameshashika kamba ileile ambayo Hitchcock alikuja kuieleza miaka mingi baadaye, mwaka 1962, alipohojiwa na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut. Alisema hivi, kwa maana yake: watu wamekaa mezani wakizungumza, bomu likalipuka ghafla, watazamaji watashtuka kwa sekunde kumi na tano. Lakini waonyeshe bomu chini ya meza kwanza, waonyeshe na saa, halafu waache wale watu waendelee na porojo zao. Hapo watazamaji watakaa roho juu kwa dakika kumi na tano, wakitamani kupiga kelele. Bibi zetu nao walijua hilo. Katika hadithi zao fisi huonekana mlangoni kabla mtoto hajamwona.

Na sasa Songea yenyewe. Msomaji wa leo akisikia Muhogo Mchungu anamkumbuka mchekeshaji wa kwenye luninga. Je, wajua kwamba mapema miaka ya 1950 palikuwa na filamu ya Kiswahili yenye jina hilohilo, kuhusu mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na ya mjini, na kwamba steringi wake alikuwa mtoto wa Songea? Alizaliwa Matimila mwaka 1926, akasoma Tabora, akaajiriwa serikalini kwenye ustawi wa jamii, akapelekwa kwenye kitengo cha sinema za kuelimisha umma. Aliigiza pia katika Chalo Amerudi, filamu nyingine ya mfululizo huo uliotengenezwa na serikali ya kikoloni pamoja na kampuni ya Afrika Kusini. Jina lake ni Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiye huyohuyo Simba wa Vita. Baada ya sinema aliingia kwenye vyama vya wafanyakazi, mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao la Tanganyika, na Januari 1962 Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu, kiti kilikaliwa na Kawawa. Wamarekani hupenda kusimulia habari za Ronald Reagan, mwigizaji aliyeingia Ikulu. Reagan aliapishwa mwaka 1981. Sisi wa kwetu alikuwa ameshashika nchi miaka 19 kabla, na kijijini kwao ni mwendo mfupi tu kutoka Songea mjini. Nashangaa kwa nini hatujisifu zaidi kwa hili. Kawawa alifariki Desemba 31, 2009, na kwenye salamu nyingi za rambirambi utumishi wake ulitajwa kwa kirefu, sinema kwa mstari mmoja.

Mwaka 1960 ulikuwa mwaka mzuri kwa wapenda mashaka. Wakati Psycho inaanza kuonyeshwa New York mwezi Juni, mwaka huohuo Kiswahili nacho kilipata mpelelezi wake kitabuni: Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mswada wake ulikuwa umeshinda mashindano ya hadithi ya Afrika Mashariki kabla ya kuchapwa. Mwenye shamba tajiri anakutwa ameuawa mzimuni, watu wanasingizia mizimu, Bwana Msa anavuta kiko na kuuliza maswali. Natamani mtu angeipiga picha hadithi hiyo, bila rangi, usiku, kwa taa ya chemli.

Turudi bafuni kidogo, maana kuna jambo la sauti. Hitchcock alitaka mauaji yale yasiwe na muziki wowote, maji na ukelele tu. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, akakaidi, akaandika vipande vile vya fidla vinavyolia kama ndege waliotiwa kichaa, akampigia mzee asikilize. Mzee akabadili mawazo papo hapo. Filamu nzima imepigwa kwa ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta. Herrmann alieleza kwamba kwa kuwa picha haina rangi, alitaka na sauti nayo iwe nyeusi na nyeupe. Baada ya mauaji inafuata sehemu ndefu ya kufagia, kufuta, kubeba, ambamo karibu hakuna anayesema neno. Huwa najiuliza Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa mikanda aliyewafanya hata Wachina waongee Kiswahili cha mitaani, angesema nini hapo. Fundi wa aina yake hawezi kunyamaza dakika kumi. Lakini labda angekuwa mwerevu, angezima kipaza sauti.

Je, wajua pia kwamba Psycho hutajwa kuwa filamu ya kwanza ya Hollywood kuonyesha choo kikivutwa maji? Wakaguzi wa maadili wa Marekani walikuwa na mengi ya kulalamikia, na choo kilikuwamo.

Hitchcock alipiga marufuku mtu yeyote kuingia ukumbini filamu ikishaanza. Matangazo yalibandikwa milangoni, na sauti yake iliyorekodiwa iliwaeleza waliopanga foleni kwamba hakuna msamaha. Wamarekani wakati ule walikuwa na mazoea ya kuingia sinema saa yoyote, wakaona nusu ya mwisho kwanza, kisha wakangoja ianze upya, sawasawa na sisi kibandani. Mazoea hayo yangeharibu kila kitu: anayechelewa angemsubiri Janet Leigh mpaka mwisho bila kumwona. Aliwaomba pia watazamaji wasiwasimulie wengine mwisho wake, na mimi nimetii. Hapa Songea tulikuwa na adhabu kali zaidi ya mlango uliofungwa. Kabla ya laini kubwa ya umeme kutoka Makambako kufika mwaka 2018, mji ulitegemea majenereta ya dizeli, na umeme ulikuwa na tabia ya kukatika pale adui anaposhika kitasa cha mlango. Kuna picha ambazo watu wa rika langu tunazijua hadi pale kwenye kitasa tu.

Mwaka 1998 mwongozaji Gus Van Sant aliamua kuitengeneza Psycho upya kwa rangi. Hakubadili hadithi. Alichukua andiko lilelile la Joseph Stefano, muziki uleule wa Herrmann, akafuata karibu kila picha jinsi kamera ya kwanza ilivyosimama. Pesa alikuwa nazo nyingi mara kadhaa kuliko Hitchcock, na waigizaji wazuri. Wakosoaji waliiponda na watazamaji hawakuijali. Nimeiona. Pazia la bafu lina rangi, vigae vina rangi, damu ni nyekundu kabisa, na nilijikuta nikitazama vigae.