Visima vya Wajir na Mstari wa Waingereza

Ndugu msomaji, fikiri kwamba mnategemea kisima kimoja. Babu zenu ndio waliokichimba. Jirani akija na mifugo yake wakati wa kiangazi, huja kwanza kwa wazee, hukaa, husalimu, kisha huomba maji. Siku moja anafika mgeni mwenye kofia ya jua, pamoja na karani na askari. Anachora mstari kwenye karatasi. Anasema: watu wa kabila hili upande huu, watu wa kabila lile upande ule. Mvua ikinyesha ng'ambo ya mstari, msivuke. Mkivuka, mifugo itakamatwa.

Jambo hili lilitokea kweli. Lilitokea kaskazini mwa Kenya, katika nchi ya Wajir, Mandera, Garissa, Isiolo, Marsabit na Moyale. Ni nchi kavu na ni pana sana, zaidi ya theluthi moja ya Kenya yote. Wenyeji wake wengi ni wafugaji: Waborana, Wagabra, Wasakuye, Warendille, na Wasomali wa koo nyingi. Mfugaji wa huko haulizi shamba lake liko wapi. Huuliza mvua imenyesha wapi.

Waingereza walitangaza Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1895. Himaya ni nchi inayosemwa kuwa iko chini ya ulinzi wa dola nyingine. Waliolindwa hawakuulizwa. Kwa miaka kadhaa Waingereza hawakujali sana upande wa kaskazini. Walichotaka kilikuwa reli na nchi ya milimani, yenye udongo mzuri. Lakini Mfalme Menelik wa Ethiopia alikuwa akisukuma utawala wake kusini, na Waitalia walikuwa pwani ya Somalia. Kwa hiyo Waingereza walitaka kaskazini iwe kama ua wa kulinda nyumba. Mwaka 1907 walikubaliana mpaka na Ethiopia. Mpaka huo uliwakata Waborana vipande viwili, na visima vyao vikuu vinavyoitwa Tula vikabaki Ethiopia. Mwaka 1909 maofisa walipelekwa kukaa Marsabit na Moyale. Mwaka 1912 wakaweka kituo Wajir. Sababu ya kuchagua Wajir ilikuwa visima vyake vingi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa.

Je, kabla ya Waingereza watu hawa waliishi kwa amani tu? Hapana, na si vizuri kudanganyana. Walipigana na kunyang'anyana ngamia. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana, na Waborana wakawa dhaifu. Wakati huohuo Wasomali walikuwa wakivuka mto Juba kuja magharibi kutafuta malisho, na baadhi yao walikuwa na bunduki. Lakini palikuwa na njia ya kuishi pamoja. Msomali mgeni aliweza kujiweka chini ya wenyeji akawa shegat, maana yake mgeni aliyepokelewa kama mtu wa nyumbani. Alipata maji na malisho, naye aliwaheshimu wenyeji wake na kusimama nao wakati wa vita.

Maji nayo yalikuwa na kanuni. Kwa Waborana, kisima kina mwenyewe, yaani ukoo wa mtu aliyeanza kukichimba. Tena kuna mzee wa zamu, aitwaye aba herega. Yeye ndiye anayepanga nani anyweshe leo na nani kesho. Katika visima virefu vya Tula vijana husimama mmoja juu ya mwingine, wakipashana ndoo huku wakiimba, mpaka maji yafike kwenye birika la mifugo. Kazi kama hiyo haifanywi na watu wasiosikilizana. Nilipokuwa nikieleza habari hizi darasani, mzee mmoja aliniuliza kama mzee huyo wa zamu alilipwa mshahara. Nilipomwambia hapana, alicheka akasema ndiyo sababu walimtii.

Waingereza walikuwa na maofisa wachache na fedha kidogo. Kujifunza mapatano ya kila ukoo ilikuwa kazi ngumu. Kuchora mstari ilikuwa kazi rahisi. Basi wakaweka mstari kati ya Wasomali na watu waliowaita Galla, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Wao ni Waoromo, na Waborana ni wa jamii hiyo. Wasomali wabaki mashariki, Waborana na wenzao wabaki magharibi. Maofisa walisema kwamba wanawalinda Waborana wasimezwe. Huenda baadhi yao waliamini hivyo kwa moyo safi.

Lakini tazama ilivyokuwa. Mfano ni Waajuran. Kwa nasaba ni Wasomali, bali wengi wao walikuwa wakisema Kiborana na walikuwa marafiki wa Waborana tangu zamani. Je, watu hawa wawekwe upande gani? Kwa wenyewe hili halikuwa swali. Kwa Serikali lilikuwa tatizo la miaka mingi, kwa sababu karatasi ilitaka jibu moja. Yule shegat naye akapoteza nafasi yake. Zamani aliweza kuwa mgeni na ndugu kwa pamoja. Sasa ilibidi awe mtu wa upande huu au wa upande ule. Na mzee aliyekuwa akiombwa maji hakuombwa tena, kwa maana ruhusa ilitoka kwa Bwana Shauri.

Tena mstari wenyewe haukuwalinda Waborana. Wasomali waliendelea kuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana waliondoka Wajir, wakasogea upande wa Garba Tula na Isiolo, karibu na mto Uaso Nyiro. Visima vikabaki nyuma. Hivyo waliofungiwa na mstari na waliolindwa na mstari wote wawili walipata hasara.

Sheria nazo ziliongezwa. Sheria ya mwaka 1902 iliipa Serikali uwezo wa kufunga wilaya za mbali. Mwaka 1926 wilaya hizi za kaskazini zilifungwa, na mtu wa nje hakuingia bila kibali. Sheria ya mwaka 1934 ilimpa mkuu wa jimbo uwezo wa kugawa malisho kwa makabila, na kuwaadhibu watu kwa pamoja. Kuadhibu kwa pamoja maana yake ni hii: kijana mmoja akiiba au akivuka mstari, ngamia wa ukoo mzima huweza kuchukuliwa, hata wa mjane ambaye hajui lolote. Juu ya hayo, mifugo ya kaskazini iliwekewa karantini kwa miaka mingi, ili magonjwa yasifike kwa ng'ombe wa walowezi. Kwa hiyo mfugaji alikuwa na mali lakini hakuwa na soko. Shule na hospitali zilikuwa chache mno.

Usidhani watu walinyamaza. Mwaka 1916 Wasomali wa ukoo wa Aulihan walishambulia kituo cha Serenli kwenye mto Juba, wakamwua ofisa wa Kiingereza, Elliott, na Serikali ikakaa muda kabla ya kurudi pale. Baadaye, mwaka 1925, nchi hiyo ya Juba ilikabidhiwa kwa Waitalia. Wenyeji hawakuulizwa, kama kawaida.

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, Serikali ya Kiingereza ilituma tume mwaka 1962 kuwasikiliza watu wa kaskazini. Wasomali wengi walisema wanataka kujiunga na Somalia. Hawakukubaliwa. Vita vya shifta vikaanza mwaka 1963. Mapatano ya kuvimaliza yalitiwa sahihi hapa Tanzania, mjini Arusha, mwezi Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa mpatanishi. Lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Yaani Bwana Shauri aliondoka, lakini amri za namna yake ziliendelea kwa miaka karibu thelathini.

Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilipigana vibaya. Safari hii wanawake ndio walioanza kutengeneza, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi. Walianzia sokoni. Walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo wake, nao wenyewe wakalinda soko lao. Kisha wakawaendea wazee, na wazee wakakaa chini.

Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya hizo walikutana Modogashe, wakaandika mapatano yao. Kanuni mojawapo inasema hivi: mfugaji anayetaka kuhamia na mifugo yake katika eneo la wengine, kwanza aombe ruhusa kwa wazee na machifu wa pale, na asije na silaha.