Kabla ya kuinua matiti, fikiria kovu

Je, umewahi kusimama mbele ya kioo baada ya kuoga, ukainua matiti yako kwa viganja na kujiuliza yangependeza vipi lau yangebaki pale? Iwapo umefanya hivyo, wewe si wa kwanza wala si wa mwisho. Matiti hulala, na wanawake wengi hulaumu kunyonyesha.

Lawama hiyo haina msingi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2008 ulionyesha kwamba yanayochangia matiti kulala ni umri, unene wa mwili, idadi ya mimba, ukubwa wa matiti yenyewe na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakumo. Kwa hivyo usimnyime mtoto haki yake kwa kuogopa umbo lako.

Usipoteze pesa zako kwa mafuta na krimu zinazouzwa eti huinua matiti. Ngozi iliyokwisha kulegea haikazwi kwa kupakwa kitu. Mazoezi nayo hujenga misuli iliyo nyuma ya titi, lakini titi lenyewe halina misuli ya kulinyanyua.

Kinachobaki ni kisu. Daktari hupunguza ngozi iliyozidi, hupanga upya nyama ya titi na kusogeza chuchu juu. Sidiria inaweza kuvuliwa jioni, ila alama ya kisu utakaa nayo maisha yako yote. Hakuna njia ya kuinua titi lililolala sana bila kuacha kovu. Swali ni kovu la aina gani, na litakaa wapi.

Jambo linaloamua ni kiwango ambacho titi limeshuka. Daktari Paule Regnault wa Canada alieleza mwaka wa 1976 kipimo ambacho kingali kinatumika. Simama wima bila sidiria, uutazame mkunjo ulio chini ya titi, pale waya wa sidiria unapokaa. Chuchu ikiwa sawa na mkunjo huo, titi limeshuka kidogo. Ikiwa chini ya mkunjo lakini titi bado lina sehemu iliyo chini zaidi ya chuchu, limeshuka kiasi. Chuchu ikiwa ndiyo ya chini kabisa na inatazama sakafu, hapo limeshuka sana.

Kwa aliyeshuka kidogo mno, daktari anaweza kukata kipande cha ngozi chenye umbo la mwezi mwandamo juu ya duara jeusi linalozunguka chuchu. Njia hii huinua chuchu sentimita moja hivi, basi.

Njia ya pili ni kukata kuzunguka duara lote jeusi. Hii ndiyo inayowavutia wengi kwa sababu kovu hujificha pale rangi mbili za ngozi zinapokutana. Louis Benelli wa Ufaransa aliieleza mwaka wa 1990 pamoja na uzi usioyeyuka, unaopitishwa ndani ya ngozi na kukazwa kama kamba ya mfuko. Uzi huo una kazi kubwa, kwani ngozi yote iliyozidi inakusanywa kwenye duara moja dogo na inavuta kila upande. Iwapo titi limeshuka sana na daktari akakubali kutumia njia hii ili kukufurahisha tu, huenda ukatoka na titi bapa, duara lililotanuka na kovu pana lenye mikunjo. Mkato mfupi hauleti kovu zuri kila mara. Kovu huchukia kuvutwa.

Ndiyo maana madaktari wengi huongeza mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye duara hadi mkunjo wa chini. Njia hii, iliyoenezwa katika miaka ya 1990 na Madeleine Lejour wa Ubelgiji, huwafaa wengi walioshuka kiasi. Usishtuke ukiona ngozi imekunjamana chini ya titi. Kwa kawaida hutulia baada ya miezi kadhaa.

Aliyeshuka sana, au mwenye matiti makubwa, huongezewa mkato wa tatu ndani ya mkunjo wa chini, na makovu yakawa na umbo la nanga. Mchoro wake ulitolewa mwaka wa 1956 na Mmarekani Robert Wise, aliyejifunza kutoka kwa mafundi wanaokata vitambaa vya sidiria! Kovu hili ni refu, lakini sehemu kubwa hufunikwa na titi lenyewe. Udhaifu wake ni pale mistari miwili inapokutana chini: kidonda huweza kufunguka kidogo na kuchelewa kupona, hasa kwa mvutaji sigara.

Sasa tuje kwa ngozi yetu. Ngozi nyeusi hupata kiloidi zaidi ya ngozi nyeupe, yaani kovu linaloota nyama na kutambaa nje ya mipaka ya kidonda. Kifua, mabega na ndewe za masikio ndizo sehemu zake. Kwa hivyo jikague kabla ya kuzungumzia mikato. Masikio yalipotobolewa yalivimba? Alama ya chanjo ya kifua kikuu mkononi ikoje? Mama au dada yako ana kiloidi? Usijidanganye kwamba kwa vile kovu la kujifungua kwa upasuaji lilipona vizuri tumboni, la kifuani litakuwa vivyo hivyo. Ukiwa na historia hii, mwambie daktari mapema. Ataepuka kuupeleka mkato karibu na mfupa wa katikati ya kifua, na huenda akakushauri uache kabisa. Kiloidi ikishaota, huchomwa sindano za triamsinoloni kila baada ya wiki kadhaa. Kuikata peke yake aghalabu huirudisha ikiwa kubwa zaidi.

Hata bila kiloidi, jitayarishe kungoja. Kati ya mwezi wa pili na wa tatu kovu huwa gumu, jeusi na lenye kuwasha, na hapo ndipo wengi hukimbilia krimu za kujichubua. Zikae mbali na kidonda chako! Kidonda kikishafunga, uliza kuhusu vibandiko vya silikoni, ambavyo hubandikwa karibu siku nzima kwa miezi miwili au mitatu. Kovu hukomaa baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wiki nne hadi sita za mwanzo usibebe mtungi wa maji wala mtoto mgongoni.

Kama ungali unataka kuzaa, subiri, kwani mimba nyingine huweza kuharibu kazi yote. Aidha, upasuaji unaweza kupunguza hisia za chuchu na wakati mwingine maziwa.

Jina la daktari litafute katika sajili ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), uone kama ni mtaalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kisha mwombe akuchoree mikato kwa kalamu ukiwa umesimama, na akuonyeshe picha za wanawake wenye ngozi kama yako, zilizopigwa mwaka mmoja baada ya upasuaji. Picha za wiki ya sita hazitakuambia lolote.