Nanaa Ugenini Turkana

Ndugu msomaji, je, mmea upendao maji waweza kufundishwa mahali ambapo maji ndiyo kilio cha kila siku? Swali hilo lilinikabili nilipotoka pwani kwenda kufundisha Lodwar, nikiwa na mche wa nanaa niliouviringisha katika kitambaa kibichi.

Nanaa mwitu huota kwenye kingo za vijito na mabonde yenye unyevu. Shina lake lina pembe nne, majani yake hukaa mawili mawili yakielekeana, na vijishina vyake vitambaavyo chini ya udongo huifanya ichipuke upya mwaka hadi mwaka. Hayo yote niliyaandika ubaoni. Hata hivyo, mche nilioupanda katika kopo mlangoni pangu ulinyauka kabla ya juma kwisha.

Aliyenisahihisha ni mwanafunzi mzaliwa wa Kakuma. Kwao, mto Tarach ukikauka, watu huchimba mchanga hadi wakutane na maji. "Mwalimu," akasema, "usiuletee mmea maji, upeleke yaliko." Tukaizika mizizi iliyosalia hai kando ya bomba la shule lililokuwa likivuja. Nanaa ikastawi.

Siku moja mama mmoja aliyekuja kuteka maji alinikemea: "Mwalimu, watoto wangu wana kiu, nanyi mwanywesha majani?" Sikuwa na jibu, maana alisema kweli. Bomba lilipotengenezwa nilifurahi, lakini nanaa ikaanza kusinyaa. Ndipo wanafunzi walipochimba kijifereji cha kuipelekea maji yaliyokwisha kusuuzia vikombe. Ikachipuka tena, bila kumnyima mtu tone la kunywa.

Walimu wenzangu, sisemi vitabu vitupwe. Kitabu kilinieleza kwamba nanaa hupenda unyevu. Hakikunieleza unyevu wa Turkana umejificha wapi. Hilo alilijua mtoto ambaye mimi nilimdhania kuwa hajui kitu. Mikoma iliyosimama kando ya mto Turkwel, hapo hapo Lodwar, hufundisha somo lilo hilo kwa yeyote atakayeuliza mizizi yake yanywa wapi.

Nanyi wanafunzi, msione haya kutaja darasani mnayoyajua kutoka nyumbani. Mwalimu mwenye busara atanyamaza asikilize. Mimi nilichelewa kunyamaza, na mche wangu wa kwanza ndio uliolipa.