Faili Lisilo na Kichwa

Wanafunzi wa zamani mliosoma hapa siku za kaseti mtakumbuka jambo hili: betri za redio zikianza kufa, mwimbaji mwenye sauti nyororo hugeuka akanguruma kama fahali. Wimbo ni ule ule na ukanda ni ule ule, ila mwendo umepungua. Sisi wa siku hizi hatutumii ukanda, lakini mwaka jana jambo hilo hilo lilitupata.

Chama chetu cha muziki kilikwenda kijiji kimoja karibu na Buwenge, kando ya barabara ya Jinja kwenda Kamuli, kunasa sauti ya embaire. Asiyeijua na ajue kuwa ni marimba makubwa ya Kisoga: mbao nene hulazwa juu ya vigogo vya migomba, shimo likachimbwa chini yake ili mlio ukue, na wapigaji huketi pande mbili wakijibizana. Mzee aliyezichonga alitupigia ubao mmoja mmoja, akieleza kwa Lusoga namna kila mmoja unavyopatanishwa na mwenzake. Alipokaribia kumaliza, betri ya chombo chetu ikazimika. Tulipofika shuleni kompyuta ikakataa kulifungua faili lile. Tukasema tutarudi. Miezi mitatu baadaye, kabla hatujarudi, mzee akafariki.

Yafaa kwanza nieleze sauti ni nini ndani ya kompyuta. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Chombo hupima mtikisiko huo mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. Sahani za CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde; mitambo ya simu kwa miaka mingi ilitosheka na 8,000. Ukitaka kuunasa mlio hapana budi upime zaidi ya mara mbili ya mitikisiko yake, na sikio la kijana husikia hadi mitikisiko 20,000 hivi kwa sekunde. Kila kipimo kwa kawaida huchukua biti 16, yaani baiti 2, nazo hutosha kuandika namba yoyote tangu -32,768 hadi 32,767.

Namba hizo tupu, zikiwa foleni bila maelezo yoyote, ndizo data ghafi. Faili la WAV, mtindo uliotolewa na IBM na Microsoft mwaka 1991, huzitangulizia kichwa, mara nyingi cha baiti 44, kinachosema vipimo ni vingapi kwa sekunde, kila kimoja kina biti ngapi, chaneli ni ngapi, na data ina urefu gani. Urefu huo chombo hakiwezi kuujua mpaka kazi iishe. Betri yetu ilikufa kabla, kichwa kikabaki hakikujazwa, lakini mwili ulikuwamo mzima.

Programu ya bure iitwayo Audacity ina mlango wa kuingizia data ghafi. Hapo wewe ndiwe unayejaza yale ambayo kichwa kingeyasema, na kila jibu baya lina sauti yake. Ukisema biti 8 palipo na 16, utasikia mvua juu ya mabati. Ukikosea ni baiti ipi itangulie katika kila jozi, mvua ile ile. Ukiruka baiti 45 mwanzoni badala ya 44, nusu ya kila namba huungwa na nusu ya jirani yake, ikawa makelele matupu. Ukisema chaneli moja palipo na mbili, muziki hutambaa kwa nusu ya mwendo wake.

Makosa hayo hayanitishi, maana yanapiga kelele yenyewe. La hatari ni lile linalopendeza masikioni. Sisi, kwa mazoea tu, tulijaza 44,100. Embaire ikalia vizuri kabisa! Tukaenda kwa furaha kumsikilizisha mtoto wa marehemu. Alisikiliza kidogo akasema, "Vijana, huyu si baba. Baba hakuwa mzito hivi."

Tukarudi kwenye hesabu. Faili lilikuwa na baiti kama milioni 92. Vipimo 44,100 kwa baiti 2 kwa chaneli 2 ni baiti 176,400 kila sekunde, yaani dakika 8 na sekunde 41 au 42. Lakini daftari la katibu lilisema tulianza saa 4:10 na betri ikafa saa 4:18. Tukijaza 48,000, ni baiti 192,000 kila sekunde, na muda unakuwa dakika 8 kasoro sekunde moja. Mafaili mengine ya chombo kile yote yalikuwa ya 48,000. Naona aibu kuandika kwamba hatukuyatazama tangu mwanzo.

Kosa hilo lilishusha sauti karibu nusu-toni moja na nusu. Katika embaire oktava hugawanywa hatua tano zinazokaribia kulingana, kila moja kama nusu-toni mbili na kitu. Basi tulikuwa tumepotea zaidi ya nusu hatua. Kanda ambazo Klaus Wachsmann, msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizinasa kati ya 1949 na 1954, na ambazo nakala zake ziko Makerere, zina mtego huo huo: mwendo ukikosewa, mtafiti hupima hewa.

Kugeuza nako kuna mtego. Ukitaka nakala ya CD, usibadili lebo ya 48,000 ukaandika 44,100, maana hilo ndilo kosa letu lile lile. Programu yapasa ikokotoe vipimo vipya, 147 mahali pa kila 160 vya zamani, vikifuata wimbi lile lile. MP3 yafaa kwa simu, ila hutupa baadhi ya sauti. FLAC hupunguza ukubwa bila kutupa kitu. Faili la asili tumeliacha lilivyo.

Tulimpelekea yule mtoto nakala iliyo sawa katika flashi. Ubao mmoja wa embaire ya baba yake ulikuwa umepasuka, naye amechonga mwingine, akiulinganisha na sauti ile. Ubao ukipunguzwa tumboni mlio hushuka, nao amekwisha kuupunguza mara mbili. Asema bado uko juu kidogo.