Kuziba kwa ateri za moyo

Kuziba kwa ateri za moyo ni ugonjwa unaotokea pale mafuta, hasa kolesteroli, yanapojikusanya katika kuta za ateri zinazopeleka damu kwenye misuli ya moyo. Njia ya damu ikiwa nyembamba, mgonjwa huweza kupata maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi anapopanda ngazi.

Dawa

Aspirini huzuia damu isigande ndani ya ateri. Statini hupunguza kolesteroli. Vizuia beta, kama vile atenololi, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Nitrogliserini huwekwa chini ya ulimi ili kutuliza maumivu ya kifua. Yasipotulia, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kuzoea dawa

Mwanzoni vizuia beta huweza kuleta uchovu na kizunguzungu, na statini maumivu ya misuli. Daktari huweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Kuacha vizuia beta ghafla ni hatari, kwani kunaweza kusababisha mshtuko wa moyo. Kwa hiyo hata mgonjwa aliyepata nafuu huendelea kumeza vidonge, kwa kuwa mara nyingi nafuu hiyo imeletwa na vidonge vyenyewe.